Utafutaji wa watu waliozama kwa kutumia sona

Utafutaji wa watu waliozama kwa kutumia sona ni kazi ya kuchunguza sakafu ya bahari, ziwa, mto au bwawa kwa mawimbi ya sauti ili kupata mahali ulipolala mwili wa mtu aliyekufa maji, au chombo kilichozama naye kama vile gari, mashua au ndege. Sona hutoa picha ya umbo lililoko chini ya maji. Haiwezi kusema umbo hilo ni la nani, wala haiwezi kulitoa. Kazi ya kuthibitisha na kuopoa hubaki kwa wazamiaji, kamera au roboti. Njia hii hutumiwa na polisi, majeshi ya wanamaji, vikosi vya zimamoto na uokoaji, na katika nchi kadhaa watu wa kujitolea.

Kwa kawaida kazi hii ni ya kupata maiti, si ya kuokoa. Mtu aliyezama hupoteza fahamu ndani ya dakika chache, ilhali chombo cha sona hufika baada ya saa au siku. Faida yake iko kwingine: hufupisha muda ambao familia hukaa ufukweni ikingoja, na hupunguza saa ambazo wazamiaji hutumia gizani wakipapasa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021.

Kabla ya sona

Njia za zamani zilikuwa tatu: kukokota kulabu nyuma ya mashua, kuwashusha wazamiaji walioshikana kwa kamba, au kungoja mwili uelee wenyewe. Zote bado zinatumika mahali pengi. Kulabu huweza kuupita mwili mara nyingi bila kuugusa, na zikiugusa huuharibu. Wazamiaji nao katika maji ya tope hawaoni hata mikono yao, hivyo hutafuta kwa kupapasa hatua kwa hatua. Kwa kina cha mita 40, mzamiaji anayetumia hewa ya kawaida anaweza kukaa takriban dakika 10 tu kabla ya kulazimika kupanda kwa vituo, la sivyo nitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake inaweza kutoa viputo na kumlemaza au kumuua. Hatari hiyo huchukuliwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amekufa, na ndiyo sababu vikosi vingi hutaka kwanza kujua mahali mwili ulipo ndipo mzamiaji ashuke.

Historia fupi

Neno sona linatokana na kifupisho cha Kiingereza kinachomaanisha kuongoza vyombo na kupima umbali kwa sauti. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, wavumbuzi kadhaa walitafuta namna ya kutambua siwa barafu kwa mwangwi. Mwaka 1914 Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alifaulu kupata mwangwi wa siwa barafu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za kwatsi kutengeneza chombo cha kutambua nyambizi.

Sona hizo zilisikia kitu kikubwa kikiwa mbali, lakini hazikuchora picha. Hatua iliyofungua njia ya kutafuta miili ni sona ya pembeni, iliyoendelezwa kwa matumizi ya kiraia katika miaka ya 1960 na watu kama Harold Edgerton wa Chuo cha MIT nchini Marekani. Awali ilitumika kutafuta mabaki ya meli. Ilipopata masafa ya juu zaidi na kompyuta ndogo za kuonyesha picha, iliweza kuonyesha vitu vya ukubwa wa binadamu.

Jinsi sona ya pembeni inavyofanya kazi

Chombo chenye umbo la kombora, ambacho wataalamu hupenda kukiita "samaki", hukokotwa kwa kebo nyuma ya mashua mita chache juu ya sakafu. Kila upande wake hutoa mpigo wa sauti unaoenea kama feni: mwembamba kwenda mbele na nyuma, mpana kwenda chini na pembeni. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani. Mwangwi unaorudi huchorwa kama mstari mmoja wa picha. Mashua inaposonga, mpigo unaofuata huchora mstari mwingine kando ya ule wa kwanza, na mistari hiyo pamoja huwa picha ya sakafu.

Masafa huamua kinachoonekana. Sauti ya kilohezi 100 ina urefu wa wimbi wa milimita 15 na hufika mamia ya mita. Ya kilohezi 500 ina urefu wa milimita 3, huonyesha vitu vidogo zaidi, lakini hufifia mapema. Anayetafuta meli huchagua umbali, anayetafuta mtu huchagua ukali wa picha.

Umbali una gharama nyingine isiyoonekana haraka. Chombo hakiwezi kutoa mpigo mpya kabla mwangwi wa mpigo uliopita haujarudi. Kikipangwa kutazama mita 30 kila upande, sauti huenda na kurudi mita 60 kwa sekunde 0.04, hivyo mipigo 25 inawezekana kwa sekunde. Mashua ikienda mita 1.5 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, kuna mstari mmoja kila sentimita 6, na mwili wenye urefu wa mita 1.7 uliolala sambamba na njia ya mashua huchorwa kwa mistari 28 hivi. Mwendeshaji akiongeza umbali hadi mita 150 ili amalize eneo mapema, mipigo hupungua hadi 5 kwa sekunde na mwili uleule hupata mistari 5 au 6. Hapo mtu huwa doa lisilotofautiana na jiwe. Misako mingi iliyopita juu ya mwili bila kuuona ilikosea hapa, kwa haraka, wala si kwa ubovu wa mashine.

Mwili na kivuli chake

Watu wengi hudhani kwamba mwili utang'aa kwenye skrini. Kwa kweli nyama ya binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na sauti hupita ndani yake karibu kama inavyopita majini. Kinachorudisha mwangwi vizuri zaidi ni hewa iliyobaki mapafuni au tumboni, mifupa, na hewa iliyonaswa katika nguo na viatu. Kwa hiyo mwangwi wa mwili waweza kuwa hafifu, hasa ukiwa umelala juu ya mawe au changarawe ambayo yenyewe hung'aa.

Mara nyingi kinachomwonyesha mtu ni kivuli. Kitu kilichoinuka juu ya sakafu huzuia sauti isifike nyuma yake, na eneo hilo hubaki jeusi kwenye picha, kama kivuli cha mtu jua linapokaribia kutua. Kivuli huweza kuonyesha mkono uliokunjwa, goti lililoinuka au kichwa, hata pale mwili wenyewe unapokuwa doa la kijivu tu. Pia hutoa kipimo. Urefu wa kivuli ukizidishwa kwa kimo cha chombo juu ya sakafu, kisha ukagawanywa kwa umbali kutoka chombo hadi mwisho wa kivuli, hupatikana kimo cha kitu. Chombo kikiwa mita 5 juu ya sakafu, mwisho wa kivuli ukiwa umbali wa mita 25, na kivuli kikiwa na urefu wa mita 1.5, kitu hicho kimeinuka sentimita 30 kutoka chini. Huo ni unene wa mtu aliyelala. Gogo lenye urefu wa mita 1.7 laweza kutoa vipimo hivyohivyo, na ndiyo maana magogo, magurudumu, mitego ya samaki na magunia huwapotosha watafutaji kila mara.

Sakafu tambarare ya tope au mchanga ndiyo rahisi kusoma. Majani marefu ya majini huufunika mwili. Maji yenye tabaka za joto tofauti hupinda njia ya sauti, na mapovu ya maporomoko au ya injini huizuia kabisa. Mito yenye kasi ni migumu kwa sababu zote mbili: picha huchafuka, na mwili nao huhamishwa au hunaswa chini ya mizizi na miamba ambako hakuna kivuli.

Mwili unavyokwenda majini

Mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji huwa mzito kidogo kuliko maji na huzama hadi chini. Katika ziwa lililotulia hulala karibu na mahali alipozamia. Baadaye bakteria hutoa gesi ndani ya mwili, nao huweza kuelea. Muda huo hutegemea hasa joto. Katika maziwa ya Kanada au ya milima ya Marekani, ambako maji ya chini hukaribia nyuzi 4, mwili huweza kubaki chini kwa miaka mingi. Katika Ziwa Viktoria, ambalo maji yake yana joto la takriban nyuzi 25, mwili usionaswa huweza kuelea baada ya siku chache.

Kina nacho huchangia. Kwenye mita 100 shinikizo ni karibu mara 11 ya lile la juu ya maji, hivyo gesi iliyo ndani ya mwili hubanwa hadi sehemu moja ya kumi na moja ya ujazo wake na haiwezi kuuinua. Ziwa Tanganyika hufikia kina cha mita 1,470. Maji yake ya chini yana joto la takriban nyuzi 23, lakini joto hilo halitoshi kumrudisha aliyezama katikati ya ziwa.

Kwa sababu hiyo sona ina faida kubwa zaidi katika hali tatu: maji baridi, maji ya kina kirefu, na pale mwili ulipofungwa ndani ya gari, meli au ndege. Ufukweni penye maji ya vuguvugu na kina kifupi, wavuvi wanaolijua eneo huweza kuupata mwili kabla chombo hakijaletwa.

Utaratibu wa msako

Kazi huanza nchi kavu kwa kuwahoji mashahidi. Kila mmoja huombwa kusimama pale aliposimama siku ile na kuonyesha kwa mkono mahali alipomwona mtu mara ya mwisho. Mistari ya mikono ya mashahidi wawili au watatu ikikatana, hapo ndipo pa kuanzia. Baadhi ya vikosi huleta pia mbwa waliofunzwa kunusa harufu inayopanda juu ya maji.

Hesabu inaonyesha kwa nini hatua hii hairukwi. Eneo la mita 300 kwa 300, likipitiwa kwa njia zilizoachana mita 30 ili kila sehemu ionekane mara mbili, linahitaji safari ya kilomita 3, yaani nusu saa na ushei bila kuhesabu kugeuza mashua. Eneo la kilomita 3 kwa 3 linahitaji kilomita 300, zaidi ya saa 55. Kurudia ni lazima, kwa kuwa sona ya pembeni ina ukanda usioonekana vizuri moja kwa moja chini ya chombo, na kwa kuwa mwili unaotazamwa kutoka miguuni huonekana tofauti na ule unaotazamwa kutoka ubavuni.

Kitu cha kushukiwa kikionekana, mahali pake hurekodiwa kwa GPS na kupitiwa tena kutoka pembe nyingine. Kisha huteremshwa kamera, roboti ya kebo, au mzamiaji anayefuata kamba yenye uzito. Mwili hufungwa ndani ya mfuko hukohuko chini, ili nguo na alama zinazoweza kuhitajiwa na polisi au daktari zisipotee njiani.

Aina nyingine za sona

Sona ya kuzunguka huwekwa sakafuni juu ya kiunzi cha miguu mitatu na kutazama pande zote ikiwa imetulia. Hufaa chini ya gati, kando ya daraja au kupitia tundu la barafu, na mwendeshaji wake huweza kumwona mzamiaji kwenye skrini na kumwelekeza hatua kwa hatua. Sona ya miale mingi hupima kina na kuchora ramani ya sakafu. Kamera za sauti, zenye masafa yanayozidi megahezi 1, hutoa picha zinazokaribia video katika maji ya tope, lakini kwa mita chache tu.

Mabadiliko makubwa kwa watu wa kawaida yaliletwa na vyombo vya kutafutia samaki vyenye sona ya pembeni, vilivyoingia sokoni katika miaka ya 2000. Sona ya kitaalamu hugharimu makumi ya maelfu ya dola, ilhali vyombo hivi huuzwa kwa mamia ya dola hadi dola elfu kadhaa. Hufungwa kwenye mashua yenyewe badala ya kukokotwa, kwa hiyo hufanya vizuri katika maji ya kina kifupi na vibaya penye kina au mawimbi.

Misako inayojulikana

Gene na Sandy Ralston, mume na mke wa jimbo la Idaho nchini Marekani, walitumia mashua yao na sona ya pembeni kutafuta waliozama katika Marekani na Kanada bila kudai malipo ya kazi, ila gharama za safari. Wamepata miili zaidi ya 100, mingi katika maziwa ambako msako rasmi ulikuwa umesitishwa.

Mwezi Septemba 2013 askari wa jimbo la Oklahoma walikuwa wakijaribu sona mpya katika ziwa Foss, bila kumtafuta mtu yeyote. Iliwaonyesha magari mawili. Ndani yake yalikutwa mabaki ya watu sita waliotoweka katika misafara miwili tofauti, mwaka 1969 na 1970. Maji ya hapo ni ya mita chache tu, na watu walikuwa wamevua samaki juu yake kwa zaidi ya miaka 40.

Msako mwingine mkubwa wa aina hii ulikuwa wa ndege ya Air France namba 447, iliyoanguka katika Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikiwa na watu 228. Miili 50 iliokotwa juu ya maji mwaka huo. Misako ya kwanza chini ya bahari haikufaulu. Mwezi Aprili 2011 vyombo vinavyojiendesha vyenye sona ya pembeni viliona mabaki kwenye kina cha takriban mita 3,900, kilomita 12 hivi tu kutoka mahali ndege ilipojulikana kuwa mara ya mwisho. Miili 104 zaidi iliopolewa. Watu 74 hawakupatikana.

Afrika Mashariki

Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu walikufa. Mahali ilipo palijulikana tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa kuingia ndani ya meli iliyopinduka, na wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini walikuja kusaidia. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, na wengine hawakutolewa kamwe. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19 kati ya 43, vilikuwa karibu na nchi kavu. Katika ajali za namna hiyo mitumbwi, kamba na mikono ya wavuvi ndivyo vinavyohitajika kwanza, na sona haina la kuongeza.

Hali ilikuwa tofauti katika mlangobahari wa Likoni, Mombasa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka kivuko cha MV Harambee na kuzama. Mkondo wa maji kupwa na maji kujaa hapo una nguvu, maji hayaonekani vizuri, na meli za bandari ya Kilindini hupita papo hapo ambapo vivuko huvusha maelfu ya watu kila siku. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Kenya na wa kampuni binafsi walishirikiana, na maeneo kadhaa ya sakafu yalichunguzwa moja baada ya jingine. Gari liliopolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya 13, kutoka kina cha takriban mita 58, miili yote miwili ikiwa ndani. Shinikizo la hapo ni karibu mara 7 ya lile la juu. Kungoja kusingefaa kitu. Siku hizo 13, ambapo ndugu walishinda ufukweni, zilizusha mjadala mkubwa nchini Kenya kuhusu vifaa na maandalizi ya utafutaji.

Katika Ziwa Viktoria sona ya kukokotwa ina vikwazo vyake. Nyavu zilizotegwa huweza kunasa chombo na kebo yake, na gugumaji linapoziba ghuba, kama linavyofanya mara kwa mara upande wa Kisumu, mashua haiwezi kwenda kwa mstari ulionyooka.

Kutopatikana kwa mwili kuna matokeo ya kisheria na ya kijamii. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu huchukuliwa kuwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, isipokuwa pawepo ushahidi wa kifo. Kabla ya hapo mirathi, akaunti za benki na ndoa ya aliyebaki vyaweza kukwama. Kwa Waislamu, eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10 tangu kifo, na kifo kisichothibitishwa huiacha bila mwanzo ulio wazi. Miongoni mwa Waluo, ambao kwao mtu hurudishwa kuzikwa nyumbani, familia iliyokata tamaa ya kumpata aliyezama huweza kuzika tunda la yago, yaani la mti wa mwegea, mahali pa mwili wake.